Chung Chung-hoon alifikaje Hollywood? Mimi naangalia nani alimwita mara ya pili

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: huyu Mkorea aliyepiga picha filamu ya Oldboy alifikaje mpaka Wonka ya Hollywood, Kiingereza alikifanyaje, na kama kijana wa Mwanza mwenye kamera ya kuazima anaweza kupita njia hiyo hiyo. Waliotangulia wamekujibu kwamba kipaji hakijifichi. Mimi jibu hilo halinitoshi. Nilisoma Seoul, nikabeba taa kwenye seti za watu kule, na sasa napiga matangazo na tamthilia hapa Dar. Vipaji vilivyojificha mpaka vikazeeka nimeviona vingi, kule na huku.

Chung kazaliwa 1970. Alisoma Chuo Kikuu cha Dongguk, ambacho kimepakana kabisa na Chungmuro, mtaa uliokuwa kitovu cha filamu za Korea. Siku hizi ukipita pale utakuta maduka ya kamera na mitambo ya uchapaji, maana kampuni nyingi za filamu zilishahamia ng'ambo ya kusini ya mto Han. Filamu ndefu alianza kuzipiga miaka ya 1990, akiwa kijana bado. Dunia ilikuja kumjua kwa Oldboy ya 2003, iliyoongozwa na Park Chan-wook na kuchukua tuzo ya Grand Prix kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka uliofuata.

Ule ugomvi wa kwenye korido ndani ya Oldboy, jamaa mmoja dhidi ya kundi, kila mtu anaujua, ila utazame tena kwa jicho la fundi. Ukuta wa upande mmoja haupo, kamera imesimama pale ambapo ukuta ungekuwa, na inatembea kwenye reli sambamba na jamaa mwenye nyundo. Kundi linasogea, kamera nayo inasogea. Kundi linarudi nyuma, nayo inarudi. Hakuna kukata hata mara moja. Walitumia siku 3 na teki 17, yaani kuipiga upya mara 17, mpaka ikakubali. Kisu kinachobaki mgongoni ni cha kompyuta, lakini kuhema kule ni kwa kweli, mwigizaji Choi Min-sik amechoka hadi ngumi zinapita hewani. DOP (mkuu wa kamera na mwanga) mwenye papara angeingia katikati ya ugomvi na kamera ya mkononi, akaitikisa, ukaona damu na jasho karibu karibu. Huyu alikaa mbali akaacha uchovu uonekane mwilini. Uamuzi wa namna hiyo ndio unaomfanya muongozaji akuamini na filamu nyingine.

Na kweli aliaminiwa. Park alifanya naye Lady Vengeance (2005), I'm a Cyborg, But That's OK (2006) na Thirst (2009). Park alipoitwa Marekani kutengeneza Stoker na Nicole Kidman, alikwenda naye Nashville. Kwa hiyo swali lako la kwanza lina jibu fupi: mlango wa kwanza alifunguliwa na muongozaji wake. Hapo hakuna muujiza. DOP wengi wa nje huingia Hollywood hivyo hivyo, wameshikwa mkono na muongozaji kutoka kwao, wanapiga filamu moja, kisha wanarudi nyumbani na hadithi ya kusimulia.

Kabla sijaendelea, nieleze kwa nini wengi wanarudi. Seti ya Korea na seti ya Marekani ni kazi mbili tofauti zenye jina moja. Kwenye seti nilizofanyia Seoul, pembeni ya muongozaji kulikuwa na kijana mwenye kompyuta ya mapajani na waya uliotoka kwenye monita. Kila teki ikiisha anaibandika kwenye iliyotangulia, na kabla hatujahamisha taa muongozaji ameshaiona sini yake (tukio zima) imekatwa na kuunganishwa, chafu chafu lakini imekamilika. Kama shoti haiungani, inarudiwa pale pale. Huyo mhariri wa kwenye seti ni mtu wa kawaida kabisa kule. Pili, mkuu wa taa ni bosi kamili, ana timu yake, lori lake na vifaa vyake, na jina lake kwenye filamu linakaa karibu na la DOP. Mimi nilikuwa wa mwisho kabisa kwenye lori hilo, nakunja nyaya. DOP alikuwa anazungumza na mkuu wa taa kama mtu na mwenzake, na kamera anaishika mwenyewe.

Ukivuka kwenda Marekani mambo yanageuka. Taa zote ziko chini ya DOP, fundi taa mkuu anasubiri neno lake. Kamera mara nyingi ina mwendeshaji wake, tena mwanachama wa chama cha wafanyakazi, na kuna kazi ambazo ukizigusa wewe unaambiwa weka chini, si yako. Park mwenyewe alisema Stoker alipewa kama siku 40, karibu nusu ya alizozoea kwao. Sasa mchukue mtu aliyezoea kuona sini imekatwa kabla ya kuhamisha taa, umpe nusu ya muda na watu asiowajua. Ndiyo maana nasema filamu ya kwanza ya ugenini haithibitishi kitu.

Filamu ninayoiheshimu zaidi kwenye safari yake haina mapigano wala mizimu. Ni Me and Earl and the Dying Girl ya 2015, iliyopigwa Pittsburgh kwa pesa ndogo, muongozaji Alfonso Gomez-Rejon, hakuna Mkorea wa kumshika mkono. Kuna sini binti na kijana wanabishana chumbani kwa sababu binti anataka kuacha matibabu. Kamera imetulia tuli, shoti moja, dakika zinapita, hakuna aliyekimbilia uso wa mtu kutafuta machozi. Filamu ilichukua tuzo ya majaji na ya watazamaji kwenye tamasha la filamu la Sundance.

Na hapa ndipo ninapotaka uangalie. Gomez-Rejon alimwita tena kwa The Current War. Ruben Fleischer alifanya naye Zombieland: Double Tap (2019), akamwita tena kwa Uncharted (2022). Edgar Wright alifanya naye Last Night in Soho (2021), akamwita tena kwa The Running Man (2025). Waongozaji watatu wageni, kila mmoja karudi. Hesabu hiyo inanieleza kuliko tuzo yoyote. Tuzo unaweza kuipata kwa bahati ya skripti nzuri, lakini hakuna muongozaji anayekubali kukaa miezi na mtu yule yule ikiwa mara ya kwanza alimchelewesha au alimgombeza kila siku.

Halafu tazama zilivyo tofauti. Filamu ya It ya 2017 iliongozwa na Muajentina, DOP Mkorea, ikapigwa Kanada, hadithi ya Wamarekani, ikaingiza zaidi ya dola milioni 700. Tamthilia ya Obi-Wan Kenobi ilitumia zile kuta kubwa za skrini zinazoonyesha mandhari nyuma ya waigizaji. Wonka ni peremende tupu, ikapigwa Uingereza. Heretic ya 2024 karibu yote ni watu watatu ndani ya nyumba yenye taa zinazojizima. Mchangiaji mmoja hapo juu kasema hana staili. Mimi naona anayo, ila haiko kwenye rangi. Iko kwenye kukubali ugumu ufanyike mbele ya kamera. Ile dansi ya Last Night in Soho, ambapo Anya Taylor-Joy na Thomasin McKenzie wanabadilishana mikononi mwa Matt Smith, wengi wanadhani ni kompyuta. Waigizaji wenyewe walikuwa wanapishana, mmoja anajificha mwenzake akiingia, huku kamera inazunguka. Mkono ni ule ule wa korido.

Kuhusu Kiingereza. Kwenye Stoker hata Park alikuwa na mkalimani. Nikupe niliyoiona kwa macho yangu. Timu ya Wakorea ilikuja Zanzibar kupiga tangazo, nikachukuliwa kama msaidizi wa kamera kwa sababu ya Kikorea changu cha shule. DOP wao Kiingereza chake kilikuwa "more", "less" na "okay". Alikuwa ananyoosha mkono mbele ya lenzi, anageuza kiganja juu, chini, anaangalia mwanga unavyodondoka kati ya vidole. Kisha anamtazama fundi taa wetu, mtu wa Bububu asiyejua neno la Kikorea, anaonyesha kwa ishara shuka jeupe lisogezwe karibu na uso. Saa sita mchana nilikuwa sina kazi ya kutafsiri. Nilikuja kuitwa usiku, kwenye kikao cha ratiba na malipo ya ziada, na hapo ndipo lugha ilipobana kweli. Kwa hiyo jifunze Kiingereza, lakini kile cha mikataba na vikao, kwa sababu cha seti utakiokota kazini.

Kuna bei pia, watu hawaitaji. The Handmaiden ya 2016 alirudi kuipiga na Park, lakini filamu za Park zilizofuata, Decision to Leave ilipigwa na Kim Ji-yong na No Other Choice ikapigwa na Kim Woo-hyung. Nyumbani kiti hakikai wazi kukusubiri.

Na wewe wa Mwanza? Njia ile ile hapana, mdogo wangu, ilianza na nchi yenye watazamaji wanaojaza kumbi kwa filamu zao wenyewe. Marekani utahitaji viza ya O-1, ambayo ni ya watu wenye rekodi inayoonekana, pamoja na wakala wa kukusemea. Hivyo vyote vinafuata baada ya muongozaji. Kwa hiyo tafuta kijana mwenzako hapo Mwanza anayeandika vizuri, piga filamu yake fupi, kisha uone kama ya pili anakuita wewe au anamtafuta mwingine. Asipokuita, muulize kwa nini, na umwache aseme mpaka amalize.

Wiki hii tazama Oldboy na Me and Earl, bila sauti mara ya kwanza. Ukikwama kwenye taa nitumie picha ya seti yako hapa hapa uzini, na uonyeshe dirisha liko wapi.