Kuki ya HAProxy haishiki kwenye mode tcp

Ndugu, umeuliza kwa nini kuki ya kumrudisha mteja kwenye seva ileile haishiki. HAProxy ni kisawazishi, yaani programu inayogawa maombi ya wateja kwa seva kadhaa. Kwa `mode tcp` kisawazishi hupitisha baiti tu, hakisomi vichwa vya HTTP ambamo kuki husafiri, kwa hivyo kuki hakiioni. Weka `mode http` kwenye frontend (sehemu inayopokea wateja) na backend (kundi la seva), TLS (usimbaji wa HTTPS) ifunguliwe hapo kwenye kisawazishi, kisha ndani ya backend:

cookie SRV insert indirect nocache
server s1 10.0.0.11:80 check cookie s1
server s2 10.0.0.12:80 check cookie s2

Ukisahau `cookie s1` pale mwishoni, wateja wa seva hiyo hawapewi kuki kabisa. Na usikimbilie `balance source`, inayochagua seva kwa anwani ya IP ya mteja: wateja wa simu hapa Kisumu wengi hutokea nyuma ya anwani moja ya IP, watarundikana seva moja. Seva ikizimika, sesheni (taarifa za mteja aliyeingia) iliyo kwenye RAM yake imepotea, kuki au bila kuki.