Meno kupandana na kuoza kwa watoto: kwa mwanangu kuoza ndio kulianza

Dada uliyeuliza kuhusu mwanao wa miaka 9, kwamba alishang'olewa gego moja, sasa meno ya chini yamepandana na mengine yanatoboka, je kupandana ndio kunaozesha? Pole sana. Nimepitia hili na watoto wawili na bado linaniuma.

Jino likikaa upande haliozi kwa sababu hiyo tu. Kinachotoboa ni asidi inayotolewa na bakteria wakishakula sukari. Ila meno yakipandana yanaacha vichochoro ambavyo mswaki hauingii, chakula kinalala humo usiku kucha, kwahiyo hapo ndipo pa kuanzia kuoza.

Sasa wazazi wengi hatujui kwamba na kuoza nako kunaleta kupandana. Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka 6 gego la chini lilimtesa, halali, shavu limevimba, nikampeleka likang'olewa na mimi nikarudi nyumbani nimetulia kabisa maana kila mtu ananiambia hilo la utoto tu litaota jingine. Ni kweli linaota, lakini linaota kwenye miaka 10 mpaka 12 huko, na muda wote huo gego la utoto ndio linashikilia nafasi ya mwenzie! Hakuna aliyeniambia. Gego kubwa la nyuma likasogea mbele taratibu likaimeza ile nafasi, mtoto alipofika darasa la tano jino jipya likakosa pa kutokea, likaota kwa ndani upande wa ulimi, ikawa kila akila nyama au maandazi vinajibana pale pale, na haukuisha mwaka lile gego kubwa nalo likatoboka ubavuni. Na hilo ndio la kudumu, likienda limeenda.

Afu hilo gego la kudumu muwe macho nalo jamani. Linaota karibu na miaka 6, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka, ndio maana mzazi anadhani ni la utoto anaacha lioze. Mimi nilidhani hivyo hivyo.

Mdogo wake meno ya mbele yamepishana kuliko hata ya kaka yake, kachukua taya dogo la mama na meno makubwa ya baba, lakini ana miaka 10 na kwa sasa hana tundu hata moja lililo wazi. Kwake nilibadilisha mambo. Pipi, ubuyu, juisi za paketi nilikuwa nampa akitaka saa yoyote, sasa akipata anapata pamoja na chakula basi, maana kila anapoonja kitu kitamu asidi inaanza upya, mtoto anayemung'unya kidogo kidogo kutwa nzima anaumia kuliko anayekula mara moja akamaliza. Usiku kabla ya kulala nilimpigisha mswaki mwenyewe mpaka alipofika miaka 8, dawa yenye floraidi, akimaliza anatema tu hasukutui na maji mengi ili dawa ibaki kwenye meno. Yale yaliyopishana nasimamisha mswaki wima napiga jino moja moja, na uzi wa meno pale palipobana. Gego lake la utoto lilipoanza tundu dogo tuliwahi kuziba, na lipo mpaka leo linashikilia nafasi.

Kwa mwanao, usikimbilie waya wa kunyoosha meno sasa hivi wakati kuna matundu, meno yazibwe kwanza, maana waya kwenye mdomo unaooza unazidisha uchafu kung'ang'ania. Ukienda kwa dokta muulize moja kwa moja kuhusu pale palipong'olewa, kuna kifaa kidogo cha kushikilia nafasi, kinawekwa mapema baada ya kung'oa. Kama gego la nyuma limeshasogea atakwambia kama linaweza kurudishwa. Chonge za juu kwa kawaida zinaota miaka 11 au 12 hivi, kwahiyo nenda nae kabla hazijaanza kugombania nafasi.