“Shew” si kosa la uchapaji

Ndugu yangu, umeuliza kama “shew” kwenye Biblia ya Kiingereza ya King James ni kosa la uchapaji, na kama lisomwe “shuu”. Si kosa. Ni kitenzi kilekile “show”, kwa tahajia iliyokuwa ya kawaida tafsiri hiyo ilipotoka mwaka 1611, na leo husomwa “shou”. Ile “shewbread” ndiyo mikate ya wonyesho.

Kwenye maana, nenda taratibu. Mara nyingi ni kuonyesha, lakini “shew mercy” ni kurehemu. Tena, katika Danieli 2 mfalme anawataka wenye hekima wam-“shew” ndoto yake: hapo ni kumwambia, kumfunulia. Ukishikilia kuonyesha kila mahali, utapotea.

Kinachonivutia zaidi ni asili yake. Katika Kiingereza cha Kale, “sceawian” kilikuwa kutazama; baadaye kikageuka kuwa kumfanya mwingine atazame. Sisi tuna viambishi: kutoka ona tukapata onyesha. Wao walibadili maana tu!

Kwenye mtihani au barua andika “show”, “showed”, “shown”. Ukinukuu andiko, acha “shew” ilivyo.