Mani oda ya uhamiaji haipokelewi tena?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mama yangu ana grinkadi, kile kibali cha kuishi moja kwa moja, na sasa tunamwombea uraia hapa Marekani. Fomu ya N-400 tumeshaijaza kwenye karatasi na nimenunua mani oda ya dola 760, juzi rafiki yangu ananiambia eti siku hizi mani oda hawachukui. Ni kweli? Na mama hana akaunti ya benki, kadi ndo kabisaa hajawahi kushika.
Dada wa Columbus, Ohio

JIBU: Salama dada, na afadhali umeuliza kabla hujafunga bahasha, maana ungeituma hivyo ingerudi yote. Rafiki yako kasema kweli. Watu wa uhamiaji, USCIS, waliacha kupokea cheki na mani oda kwa fomu za karatasi 28 Oktoba 2025, na hii inatokana na agizo alilosaini Rais Trump Machi mwaka huohuo kwamba serikali ya Marekani iachane na malipo ya karatasi. Waliobaki na njia ya cheki na mani oda ni wachache wanaokubaliwa msamaha maalumu.

Sasa kwa fomu ya karatasi njia za kulipa ni mbili. Kuna fomu G-1650, hiyo unawaruhusu wakate hela moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya Marekani, na kuna G-1450 ya kadi. Mama kutokuwa na akaunti kusikutishe hata kidogo, kadi si lazima iwe yake, weka yako wewe, jaza namba na kiasi halafu saini wewe mwenye kadi, saini ya mama inabaki kwenye N-400. Ile G-1450 iweke juu kabisa ya karatasi zote.

Hapa ndo naomba unisikilize vizuri dada yangu. Kadi ikikataa hawajaribu mara ya pili, wanaweza kukurudishia furushi zima, na hawakati siku ile posta wanapolifikisha, wanakata wakishalifungua, kwahiyo hizo 760 zikae palepale usiziguse hata kodi ya nyumba ikifika. Tena kadi iliyozoea kununua unga na mafuta ya gari ikikatwa ghafla hela nyingi hivyo benki yenyewe inaweza kuizuia ikidhani ni wizi, wapigie uwaambie mapema kwamba malipo ya serikali yanakuja.

Ila mimi ningekuwa wewe ningekaa na mama jioni moja tujaze mtandaoni, unalipa hapohapo unaona imepita au haijapita, na bei ni dola 710, hamsini zinabaki mfukoni.

Hiyo mani oda usiichane. Chukua na risiti yake urudi ulikonunua uwaulize utaratibu wa kurudishiwa hela.