Jibu: Yule mtu mdogo chini ya mguu wa Shiva

Ndugu, umeuliza kwa nini sanamu ya Shiva, mungu wa Kihindu, anayecheza ngoma inamwonyesha akimkanyaga mtoto. Si mtoto yule. Ni Apasmara, kibeti anayewakilisha ujinga na usahaulifu. Mtazame tena: hajauawa, amebanwa tu chini, na mara nyingi kichwa amekiinua.

Maana kubwa iko katika mikono minne ya Shiva. Mkono wa kulia wa juu umeshika ngoma ndogo, mdundo wa uumbaji. Wa kushoto wa juu una moto wa kuangamiza. Wa kulia wa chini unaonyesha kiganja, yaani usiogope. Wa nne umepita mbele ya kifua, ukielekea mguu ulioinuliwa, ambako mja hupata kimbilio. Kwangu mimi huo mguu ndio kiini, ingawa macho ya wengi huishia kwenye duara la ndimi za moto linalomzunguka.

Umbo hili lilistawi Tamil Nadu, kusini mwa India, chini ya wafalme wa ukoo wa Chola, karne ya 10 na 11. Sanamu nyingi ni za mchanganyiko wa shaba. Matundu ya kwenye kitako cha sanamu ni ya kupitishia miti ya kuibebea kwenye maandamano ya sikukuu, ikiwa imevishwa nguo na maua hadi hiyo mikono yenyewe huioni vizuri.