Honi kukata ghafla: sikiliza relei kwanza

Mkuu, kama honi ya gari imekata ghafla na fyuzi ni nzima, mwambie mtu abonyeze honi kwenye usukani huku umeweka kidole juu ya relei ya honi (swichi ndogo ya umeme inayopeleka moto kwenye honi). Ikigonga "tik", usukani hauna kosa. Chomoa soketi ya honi, ipe honi yenyewe moto wa volti 12 na ethi (waya wa hasi) moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikilia, kagua waya, hasa ethi. Honi inakaa mbele, inapigwa maji na matope, kutu haikosekani. Isipolia, imekufa hiyo.

Relei ikikaa kimya, jaribu nyingine inayofanana nayo. Bado? Na taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa usalama) inawaka kwenye dashibodi? Basi huenda utepe wa waya ndani ya usukani umekatika. Hapo usichokonoe, mpe fundi umeme; eabegi ikifyatuka utaumia.