Fistula ya njia ya haja kubwa: kwa nini daktari ameweka uzi badala ya kupasua

Ndugu, umeuliza mambo mawili: kwa nini jipu lako kando ya njia ya haja kubwa limepasuka mara tatu na umeshameza dozi tatu za antibiotiki kutoka kwa chemisti, na kama daktari aliyekupitishia uzi akakurudisha nyumbani amekula pesa yako bure. Hakula. Jibu la kwanza ndilo linaloeleza la pili.

Ukitaja fistula hapa Nairobi, wengi hufikiria ile ya uzazi, ya mama kuvuja mkojo. Hii yako haihusiani nayo, wala si bawasiri. Ndani ya njia ya haja, kama sentimita 2 kutoka mlangoni, kuna vitezi vidogo vya ute. Kimoja kikiziba, usaha hukusanyika katikati ya misuli miwili inayobana haja, kisha hujitafutia pa kutokea mpaka ngozini. Wengine jipu likishapasuliwa hupona kabisa. Wengine, kama theluthi hadi nusu, hubaki na kijifereji chenye midomo miwili, mmoja ndani na mmoja nje. Hicho ndicho fistula.

Mdomo wa ndani ndio ubaya wote. Kila ukienda haja, uchafu mpya unaingia. Antibiotiki inatuliza wekundu na homa, lakini mfereji unabaki palepale. Ndiyo maana kile kitundu, kikubwa kama kichwa cha kiberiti, kinafunga juu, siku mbili tatu maumivu yanapanda mpaka kiti cha matatu hukikalii, halafu kinapasuka, nguo ya ndani inalowa, unapata nafuu na kudhani umepona. Marhamu na unga wa mitishamba wa kufukiza haufiki huko ndani. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alipakwa kila aina ya dawa kwa miezi, na mwaka 1686 ilibidi apasuliwe tu.

Sasa uzi. Daktari wa upasuaji hujiuliza swali moja kubwa: mfereji umepita kwenye misuli kiasi gani? Ukiwa umepita chini, umegusa misuli kidogo, anaufungua wote kama unavyopasua ganda la njegere, na kidonda kinaachwa wazi kijijaze kutoka chini. Hiyo ndiyo njia inayoponya wengi zaidi. Lakini ukiwa juu, kuufungua ni kukata msuli unaozuia haja, na msuli huo ukikatwa sana utashindwa kuzuia hewa, kisha kinyesi chepesi. Kwa wanawake tahadhari ni kubwa zaidi mdomo wa nje ukiwa upande wa mbele, kwa sababu huko msuli ni mfupi na huenda uliumia wakati wa kujifungua. Daktari anayesita hapo anajua kazi yake. Mwogope anayeahidi kumaliza yote kwa dakika kumi bila hata kukupima kwa kidole.

Uzi uliolegea hupita kitundu cha nje, ndani ya mfereji, ukatokea njia ya haja, ukafungwa kama pete. Kazi yake ni kuzuia kitundu kisifunge ili usaha usijikusanye tena. Hukaa wiki 6 hadi 12 hivi, uvimbe ukitulia ndipo hatua ya pili inapangwa: kufunga mfereji katikati ya misuli, au kufunika mdomo wa ndani kwa utando wa jirani. Njia hizi huokoa msuli, ila fistula hurudi mara nyingi kuliko ikipasuliwa wazi. Uelezwe ukweli huo kabla ya kutia sahihi.

Kabla ya hatua hiyo, uliza kuhusu MRI ya fistula, yaani picha ya mashine ya sumaku inayoonyesha mfereji ulipopita. Kwa fistula rahisi si lazima. Kwa iliyorudi au yenye vitundu vingi, ni pesa iliyotumika vizuri. Altrasaundi ya tumbo haitaonyesha kitu. Pia omba kipande cha nyama kipelekwe maabara. Kwetu hapa kifua kikuu huweza kujificha humo, na kikipatikana, dawa ni za bure katika vituo vya serikali. Ukiwa na vitundu vingi pamoja na kuhara kwa muda mrefu na kukonda, mwambie daktari, kwa sababu huenda ni ugonjwa wa Crohn, uvimbe wa kudumu wa utumbo.

Nyumbani: beseni safi, maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko, ukae dakika 10 hadi 15 mara mbili au tatu kwa siku na kila baada ya haja. Maji matupu yanatosha. Dawa ya kuua viini inaunguza nyama changa. Kausha kwa kugusagusa, usisugue, kisha weka pedi. Ugali wa unga wa posho mill wenye pumba, ndengu, sukuma wiki, papai, na maji ya kutosha. Haja ikiwa ngumu, laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha haja, mililita 15 mara mbili kwa siku. Parasetamoli ndiyo ianze. Kodeini, dawa ya maumivu iliyo kali zaidi, inafunga tumbo, na haja ngumu juu ya kidonda ni mateso.

Ukishapasuliwa, usikose kliniki hata kama huna maumivu. Kosa la kawaida ni ngozi kufunga juu kabla ya chini kujaa, na mfuko mpya unaanza.

Homa na kutetemeka, uvimbe unaopwita, wekundu unaosambaa kwenye tako au korodani, au mkojo kugoma: hapo nenda kasualti siku hiyo hiyo, hasa ukiwa na kisukari.

Na uzi ukikatika bafuni, usijaribu kuurudisha wala kuvuta kilichobaki. Si dharura. Piga simu kliniki upewe siku.